Unahamia nyumba ya wapangaji wengi? Soma hapa kabla hujaita kirikuu

Nyumba yangu iko Magomeni. Ni nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, vitatu kulia na vitatu kushoto, korido katikati, kibaraza mbele, na nyuma uani penye choo, bafu, bomba na kamba za kuanikia nguo. Mimi nakaa chumba cha mbele kulia. Vitano vilivyobaki napangisha, kama marehemu baba alivyokuwa akipangisha kabla yangu. Nimepokea walimu, mafundi, wauza mitumba wa Karume, manesi, wanachuo, na wengine ambao mpaka wanahama sikuwahi kuelewa walikuwa wakifanya nini. Haya ninayoandika ni ya kijana au binti anayetafuta chumba kwenye nyumba ya namna hii. Wenye apatimenti za geti na mlinzi mambo yao ni mengine, wasije wakanilaumu.

Neno langu kubwa nalitoa mapema ili hata ukiishia hapa uwe umelipata: usianze na tabia ambayo mwezi wa nne itakushinda. Watu wa uani humzoea mtu wa kila aina, mpole, mkali, mkimya, hata mbea. Anayewasumbua ni aliyebadilika. Mkimya akiendelea na ukimya wake, baada ya wiki mbili hakuna anayemsema. Mchangamfu akinyamaza siku tatu, wanaanza kuulizana amefukuzwa kazi, amegombana na nani, au ana mimba.

Kijana mmoja alihamia kwangu na moyo mweupe kabisa. Kila jioni akirudi anawanunulia watoto wa nyumba nzima soda na biskuti. Watoto wakawa wanamsubiri kibarazani kuanzia saa kumi na mbili. Mwezi wa tatu mambo yakamkaza, na badala ya kusema "leo sina", akaanza kurudi saa tano usiku watoto wameshalala. Wakubwa nao wakasema ameanza ulevi. Hakuna aliyewahi kumwomba ile soda, lakini ilipokatika ikawa kama deni, na yeye mwenyewe akaanza kutembea kama mdaiwa. Laiti angeanza na "hamjambo watoto" tu, angekaa kwa raha hadi leo.

Jijue kwanza, tena kwa msaada wa watu

Kabla hujalipa kodi, kaa utulie ujiulize maswali yasiyo na aibu. Ukiamka unaweza kuongea, au mpaka chai ishuke? Ukikasirika unafoka, unanuna, au unatoka kwenda kutembea? Pesa ikiingia inajulikana mtaa mzima? Wageni wako ni akina nani na wanakuja saa ngapi? Unapika kila siku, au unakula kwa mama ntilie na sufuria zako ni mapambo? Jibu ulivyo leo. Yule unayetarajia kuwa ukishahama mwache huko huko, kwa sababu chumba kipya hakimbadilishi mtu.

Na majibu yako usiyaamini sana. Mpigie simu aliyewahi kulala nawe chumba kimoja, dada yako, mwenzako wa bweni, umuulize, "Nikikaa na watu huwa nakera kwa lipi?" Atacheka kwanza, halafu atakutajia jambo ambalo hukulidhania. Nilikuwa na mpangaji mmoja aliyejiona hana makuu na hamsumbui mtu. Siku dada yake alipomtembelea, akatuambia pale uani, mwenyewe yupo, kwamba kaka yake tangu utoto hajawahi kuosha sahani aliyolia chakula. Tulikuwa tumeshayaona masufuria yake chini ya bomba kwa muda mrefu. Habari ilikuwa mpya kwake peke yake.

Ukishajijua, chukua mambo mawili ambayo yatawashangaza watu, uyaseme wewe kabla hawajayagundua. Nesi aliyekuwa chumba cha nyuma alipita mlango kwa mlango siku ya kwanza akasema, "Mimi nafanya zamu za usiku, mchana nalala. Mkiniona nimefunga mlango saa nne asubuhi msidhani naringa." Basi. Tangu siku hiyo watoto walikuwa wakifokewa wakicheza mpira karibu na dirisha lake, na hakuwahi kuomba. Angenyamaza, ule mlango uliofungwa ungetafsiriwa na kila mtu kwa namna yake, na nakuhakikishia hakuna tafsiri ambayo ingekuwa nzuri.

Siku ya kuona chumba

Dalali atakusemea. Atasema wewe ni mtu safi, mtulivu, mfanyakazi, huna makundi. Mwache, ndiyo kazi anayolipwa kodi ya mwezi mmoja. Mwenye nyumba anamsikiliza dalali kwa sikio moja, la pili linasubiri utakachouliza wewe. Ukiuliza maji yanatoka siku zipi, umeme mnachangia vipi, usafi wa choo unakwenda kwa zamu au vipi, najua umeshawahi kuishi na watu. Ukianza kwa kuuliza mlango wa nje unafungwa saa ngapi, nami nitataka kujua kwa nini. Si kosa kuuliza, ila liwe swali la nne.

Salimia uliowakuta kabla hujachungulia chumba. Kama kuna bibi anachambua mchele kwenye mkeka, shikamoo inaanzia kwake hata kama si mwenye nyumba. Wengi huja wananikimbilia mimi na kuwaruka waliokaa mlangoni, wakidhani mimi ndiye wa kuridhisha. Wakiondoka, waliorukwa ndio wanaonishauri.

Kuhusu kazi, usitunge. Dar es Salaam nzima inajua kubahatisha, hutamshangaza mtu. "Bado natafuta, kwa sasa nasaidia duka la mjomba Kariakoo" ni jibu la heshima. Ukisema upo bandarini na saa tano asubuhi unaonekana umekaa na bukta kibarazani, kila siku inakudai maelezo mapya: leo likizo, kesho zamu, keshokutwa mgonjwa. Lakini kutotunga hakumaanishi kumwaga kila kitu. Binti anayefanya kazi baa akaniambia mimi ukweli wake wote, na wapangaji wenzake akawaambia "nafanya kazi ya usiku". Yote mawili ni kweli. Mimi nilihitaji kujua ili nimwachie ufunguo wa mlango wa nje, wao hawakuhitaji.

Usisahau serikali ya mtaa na mjumbe. Utaratibu wa balozi wa nyumba kumi umeanza enzi za TANU, miaka ya 1960, na vijana mnauona wa kizamani mpaka siku mnapotaka barua ya utambulisho ya kufungulia akaunti benki au ya kupeleka kazini. Wiki ya kwanza nenda na kitambulisho chako, jitambulishe, andikwa jina. Mjumbe anayekufahamu kwa sura anakuandikia akiwa amesimama. Asiyekufahamu ataanza kuuliza umetokea wapi.

Kuhamia kwenyewe

Hamia mchana. Anayeshusha vitu saa nne usiku watu wanaamini amekimbia kodi alikotoka, hata kama kilichochelewesha ni kirikuu kuharibika Ubungo. Vitu vyako vitaangaliwa vyote, usijisumbue kuvifunika. Godoro la kuchanika halimshtui mtu hapa. Jokofu ndilo linaloangaliwa, kwa sababu linaingia kwenye hesabu ya umeme, na kulificha siku ya kwanza ni kujitangaza mwizi wa LUKU kabla hujatandika kitanda. Sema mwenyewe, "Nina jokofu dogo na pasi, nitaongeza kiasi gani?" Swali hilo moja lilimpa fundi seremala wangu jina zuri ambalo mpaka anahama halikufutika, na alikuwa mtu mwenye hasira za karibu sana.

Usilete zawadi kubwa. Usimwite mtu "mama yangu wa pili" siku ya kwanza. Pita mlango kwa mlango, taja jina unalotaka uitwe, sema chumba ulichochukua, ondoka. Jina lifikirie vizuri, maana ukishaitwa Baba Mashine uani huliondoi tena.

Kibarazani na uani

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa hiyo nivumilie nikienda polepole.

Nyumba ya Kiswahili ina pande mbili na kila upande una adabu yake. Kibarazani ni mbele za watu: wageni, wapita njia, wachumba, wadai. Unakaa umevaa, unaongea kwa kiasi, salamu zinakamilika. Mimi mwenyewe ukinikuta kibarazani nimejitanda, natoa vikombe vya kabatini, nazungumza kama mke wa shehe. Njoo uani dakika kumi baadaye unikute na kanga moja imefungwa kifuani, naparua samaki na kuwafokea wajukuu. Nikiulizwa mimi halisi ni yupi nitajibu wote wawili, na wajukuu watathibitisha.

Kuwa na sura mbili za namna hii si unafiki. Unafiki ni kumsifia mtu kibarazani ukamteta uani. Unachotakiwa kujua ni upande gani unadai nini. Uani huwezi kupendeza siku zote. Utaamka na macho yamevimba, utasimama foleni ya bafu na ndoo na sabuni mkononi, utafua mashuka mbele ya macho kumi. Yupo aliyejaribu: alikuwa akienda kuchota maji amepaka manukato na kuvaa saa. Hakuna aliyevutiwa. Walimwona kama mgeni asiyetaka kukaa, na hakuna anayemwachia mgeni funguo zake au kumwomba amwangalizie mtoto. Kinachopendeza uani ni vitu vidogo: beseni lako umeliondoa bombani, maji ya dagaa umeyamwaga shimoni, nguo za ndani umezianika chini ya kanga, zamu yako ya choo hukukumbushwa. Dawa ya choo ukiinunua wewe mara moja bila kutangaza, itatangazwa.

Jambo la pili la uani ni gumu zaidi, na sijui kama linafundishika, lakini nitajaribu. Vyumba vya zamani havina dari. Ukuta unaishia juu kidogo na sauti inaruka. Utasikia mume na mke wakigombania pesa ya shule. Utasikia mtu analia saa nane usiku. Asubuhi mtakutana bombani. Unafanya nini?

Unasema, "Za asubuhi?" Anasema, "Nzuri." Nawe unauliza kama maji yametoka kwa nguvu leo.

Huulizi macho yamefanya nini. Humtazami kwa huruma, maana huruma nayo inasema "nimesikia". Umesikia, anajua umesikia, na nyote mnakubaliana kwamba ukuta ulikuwa mzima. Akitaka kukwambia, atakuja mwenyewe na kitu mkononi cha kuchambua. Isipokuwa kukiwa na kipigo. Hapo unagonga mlango usiku ule ule, unaniita mimi, tunamwita mjumbe, na heshima ya mtu itajijua yenyewe.

Vijana hudhani jina zuri linatokana na unavyojionyesha. Kwa niliyoyaona, nusu yake inatokana na unavyowasaidia wengine kubaki na sura zao. Mpangaji niliyemsikitikia kuliko wote alipohama hakuwa mzungumzaji, wala hakuwa na kitu. Ila siku nilipokuja kudaiwa kwa sauti pale kibarazani, yeye alipita na ndoo yake, akanisalimia kwa heshima ile ile ya kila siku, akaendelea na safari. Yule mdai akashusha sauti.

Vipimo vya kila siku

Umeme. Kwangu mita ni moja ya nyumba nzima, tunachanga kwa vichwa na kwa vifaa. Toa mchango wako kabla hujaombwa. Hakuna pesa ndogo inayojenga au kubomoa jina kama hii. Nikishanunua natuma tokeni yenyewe, zile tarakimu 20, kwenye kundi la WhatsApp la nyumba ili kila mtu aone kilichonunuliwa. Nawe ukitumwa kununua fanya hivyo hivyo. Usiseme "niaminini". Aliyetuma risiti habishiwi.

Kuazima. Wiki ya kwanza usiazime kitu zaidi ya kiberiti. Kinachoazimwa kwanza ndicho kitakachotajwa kila ukitajwa. Ukiletewa chakula kwenye bakuli, usirudishe bakuli tupu. Hata machungwa mawili yanatosha, hata baada ya siku tatu.

Chakula. Anayekula akikwambia "karibu", jibu "ahsante, endelea tu" na upite. Akirudia mara ya pili na kukusogezea sahani, amemaanisha. Kaa ule tonge mbili. Wewe nawe ukila mlangoni, karibisha. Ukijijua huwezi kukaribisha kwa moyo, kula ndani. Kula ndani kunasameheka.

Misiba. Ukikosa harusi kumi za mtaani utasamehewa, ukikosa msiba mmoja wa nyumba ya jirani utakumbushwa. Huna haja ya kumjua marehemu. Nenda na rambirambi unayoiweza, jina liandikwe kwenye daftari, kisha usiondoke hapo hapo. Wanaume kaeni kwenye viti chini ya turubai, saidieni kubeba maji na kupanga mabenchi. Wanawake ingieni ndani mkae mkekani, au nendeni jikoni mshike kisu na vitunguu. Mwenye haya au asiyejua kuongea na watu, msibani ndiko kwa kujulikana bila kuongea.

Simu. Usiandike mafumbo kwenye status. Unadhani umemlenga mmoja. Wapangaji wenzako wote watajiona wamesemwa, na yule uliyemlenga ndiye atakuwa hajaifungua. Zamani fumbo lilikuwa kwenye kanga, na aliyevaa aliweza kusema aliipenda rangi tu. Status haina utetezi huo.

Jina likishaharibika

Litaharibika tu siku moja. Umesahau bomba likamwagika usiku kucha, umefoka, mgeni wako amelewa akatapika koridoni. Usijifungie ndani ukisubiri ipoe, na usitume ujumbe wa simu wenye mikono ya kuomba. Asubuhi amka wa kwanza. Deki. Halafu mfuate uliyemkosea, mkiwa wawili, utaje kitendo chenyewe: "Jana nilikufokea mbele ya watoto. Nimekosa." Usitie "lakini" humo ndani. Kama ulimkosea mkubwa, tafuta mtu mzima wa kukupeleka, kwa sababu mzee huona vigumu kukusamehe ukiwa peke yako na rahisi akiwepo wa kumbembeleza. Kisha urudi kwenye tabia yako ya kawaida. Wapo wanaokosea wakazidisha unyenyekevu mwezi mzima mpaka watu wanachoka nao upya.

Kodi ikikushinda, njoo kabla ya tarehe. Nina mpangaji aliyewahi kuchelewa miezi miwili na bado namwita mwanangu, kwa sababu alikaa hapa mbele yangu akanieleza kilichotokea na lini atapata kiasi gani, na siku hiyo akaleta kiasi hicho. Mwingine alichelewa wiki moja tu, ila alikuwa akinisikia nakohoa koridoni anazima taa. Huyo nilimpa notisi.

Ukiondoka

Mwenye nyumba wa huko uendako, akiwa mwerevu, atamtuma mtu kuja kuuliza. Wengine hupiga simu. Kwa hiyo aga mwezi mmoja kabla, mtu kwa mtu kama ulivyoingia. Lipa mchango wa umeme wa siku zako za mwisho hata kama hakuna aliyekumbuka. Rudisha ufunguo wa mlango wa nje mkononi mwangu, usimpe mtoto. Misumari uliyopigilia ukutani iache, ukiing'oa inaondoka na plasta. Balbu ni yako, unaweza kuichukua. Wengi huichukua, nami huwa sisemi kitu, ila wanaoiacha nawajua kwa majina.